Mguno Ndani ya Bomba la Bibi

Mwezi uliopita nilihamia Junda, huku Mombasa, kwenye chumba cha kupanga chenye choo chake na mfereji wake, na siku ya kwanza nilipofungua mfereji nioshe kikombe, bomba likaguna. Silisingizii. Liliguna vile anavyoguna mtu mzima aliyeambiwa jambo asilolipenda, kutoka ndani kabisa ya kifua, kisha likatetemeka ukutani, likakohoa mara mbili, ndipo maji yakaja. Nikakiweka kikombe chini. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi nikitazama nguo za watu kwenye kamba.

Wewe unayenijua unajua kwamba mimi sina makao. Nimeishi Voi, treni za mizigo zikipita nyuma ya kitanda changu. Nimeishi Kitale, mvua ikipiga bati mpaka huwezi kumsikia aliye kando yako. Nimeishi Garissa kando ya jenereta. Hakuna kelele iliyowahi kunitoa ndani ya nyumba. Ni hii moja tu, na nilikuwa sijaisikia tangu utotoni.

Nilipomweleza mwenye nyumba, alicheka. "Huo ni upepo tu, dada. Ukizoea hutausikia tena."

Niliizoea sauti hiyo nikiwa na miaka tisa, na kuizoea ndiko kulikoniponza.

Nilikulia Likoni kwa bibi yangu mzaa mama, kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, nyuma yake shamba dogo la mihogo lililobaki katika mashamba ya ukoo. Mama yangu alifanya kazi ng'ambo ya feri na alikuja Ijumaa tu, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na bibi. Asubuhi nilifagia ua, nikatoa majivu jikoni, nikaosha vyombo vya mahamri, ndipo nikaenda shule. Jioni kulikuwa na kazi moja tu isiyokuwa na mjadala, nayo ni kuangalia maji.

Maji ya mji yalikuja siku mbili kwa wiki, na hayakupiga hodi. Kwa hiyo bibi alikuwa na pipa la chuma, lile lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, likikaa juu ya jukwaa la matofali kando ya choo. Jukwaa lenyewe lilikuwa refu kumshinda yeye. Mpira uliingiza maji kwa tundu dogo kando ya mfuniko, na chini ya pipa likatoka bomba la chuma lililopita ukutani, nje ya chumba chake, hadi kwenye mfereji wa chooni. Mfuniko ulikuwa kipande cha ubao kilichogandamizwa na jiwe. Hayo ndiyo yalikuwa mabomba yetu yote, na hakuna nyumba nyingine kwenye kichochoro kile iliyokuwa na mfereji ndani. Majirani walikuja kutia udhu kwetu, na bibi alifurahi, ingawa hakuonyesha.

Bibi alikuwa mtu wa tohara, yaani usafi wa ibada, na alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Kata ya maji haikugusa ardhi. Leso ya kusalia haikukaa kamba moja na nguo za kawaida. Mtoto akiingia na miguu ya tope alirudishwa mpaka mlangoni, aanze upya. Na kila Alhamisi aliosha mtungi wa maji ya kunywa, akaupindua juu ya chetezo, akaufukiza ubani mpaka moshi ukajaa ndani, kisha akautia maji papo hapo kabla moshi haujatoka. Maji yale yalikuwa baridi na yalinukia. Siku hizi nakutana na watu wa rika langu, hata kule bara, wakisema hawajapata tena maji kama yale ya mtungi wa ubani wa bibi zao. Huwaacha waseme. Mimi hata nikipita dukani wakichoma ubani huvuka barabara.

Sasa nikueleze kosa langu, maana bila hilo hutaelewa kitu.

Nilikuwa na mchezo wangu. Bibi akitoka, nilipanda juu ya jukwaa, nikasogeza jiwe na mfuniko, nikatia kichwa ndani ya pipa na kuzungumza. Sauti yangu ilirudi nene, sauti ya mtu mwenye tumbo na madaraka. Nilimwiga mwalimu wetu akiita majina. Nilijiamrisha na kujikaripia. Kisha nilifunika, nikaweka jiwe, nikashuka, na hakuna aliyejua.

Siku ya harusi ya binti wa jirani, bibi alikuwa huko tangu alfajiri akisimamia pilau. Kunguru walikuwa wamejaa ua mzima kwa ajili ya mabaki, wale wa Mombasa wenye shingo ya kijivu, wasioogopa mtu. Mimi nilikuwa kwenye pipa langu. Nikasikia bibi akiniita kutoka kwa jirani.

"Abee," nikajibu, kichwa kikiwa bado ndani, na abee ile ikarudi kwa sauti ya mzee wa miaka sabini. Nilicheka mpaka machozi, nikaruka chini, nikakimbilia pilau.

Nilikumbuka mfuniko kesho yake asubuhi. Nilipanda nikaukuta kando, vilevile nilivyouacha. Nikaurudisha haraka, nikaweka jiwe. Sikuchungulia ndani. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi kuliko jambo lolote la maisha yangu: nilikuwa nimeshapanda, mikono ilikuwa imeshika ubao, ilikuwa kazi ya kuinamisha shingo tu, na sikuchungulia.

Siku kumi zikapita. Maji yakaanza kuwa na utando, kama chai ya maziwa iliyoachwa. Bibi alisema ni tope la mvua, akachukua kipande cha shabu, ile ya kusafishia maji, akapanda kigoda na kuinua ubao kidogo kwa ncha za vidole akaitupia ndani. Hakuona ndani, hakufika. Kabla hajarudisha jiwe, jirani akamwita kuhusu nazi, na jiwe likarudishwa mchana. Zishike siku hizo mbili, ile ya harusi na ile ya shabu, kwa sababu kila kitu kilikuja kusimama juu yake.

Siku mbili baada ya shabu, bomba likaanza kuguna.

Mwanzoni lilipiga mluzi mdogo. Kisha likaguna kila mfereji ulipofunguliwa, na chuma kikatikisika ukutani mpaka chokaa ikaanguka juu ya kitanda cha bibi. Jirani, mama wa yule bibi harusi, alitoka chooni akiwa na miguu mibichi na kicheko.

"Bomba lako lanigunia mimi. Sijui nimelikosea nini."

"Laguna kwa sababu wamaliza maji," akasema bibi.

"Basi likiniona nimekuja na ndoo si litanitukana?"

"Njoo na ndoo ujaribu."

Jirani mwenyewe ndiye aliyemleta fundi, mpangaji wake, mtu wa bara aliyefanya kazi ya mabomba bandarini. Alikuwa mwembamba, mwenye spana mbili ndani ya mfuko wa unga, na hakuwa na haraka. Hakugusa kitu kwanza. Alifungua mfereji polepole, akaufunga ghafla, akaufungua nusu. Aliweka mwisho wa spana kwenye bomba na sikio lake kwenye spana, akasogea hatua kwa hatua ukutani kama daktari anayesikiliza mgongo. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimfuata, na sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akisikiliza kwa makini vile.

"Mama, hii paipu yako inapiga kelele sababu haijafungwa vizuri," akasema. "Halafu iko na upepo ndani."

"Bomba *hili*, baba," akasema bibi. "*Li*napiga kelele."

"Ndiyo. Inapiga sana."

"*Li*napiga."

Fundi akamtazama. "Mama, mimi nimekuja kurekebisha bomba, sikuja kurekebishwa."

Jirani alicheka akashika ukuta. Hata bibi alitabasamu.

Alitufundisha siku ile, nami sijasahau. Bomba likigonga wakati wa kufunga mfereji, alisema, halina vibano, linarukaruka. Likipiga mluzi mfereji ukiwa nusu, ni kile kipande cha mpira ndani ya mfereji, washa, kimelika. Likikohoa na kutema, kuna upepo. Letu lilikuwa na yote matatu, kwa hiyo alitibu yote matatu. Alikata vibano vya bati akavipigilia ukutani. Alikata washa mpya kutoka kwenye kandambili kuukuu. Akaufungua mfereji wote, akauacha uteme upepo mpaka maji yakanyooka. Bomba likanyamaza. Alikula mhogo na kuondoka, akisifiwa.

Likanyamaza siku mbili.

Katika siku hizo maji ya mtungi yakaanza kuwa na ladha. Ilikuwa ladha ya mbali, kama ya kijiko kilicholala ndani ya mchuzi. Bibi aliihisi kabla ya wote, akakunja uso, akasema mtungi umechoka. Hakungoja Alhamisi. Aliuosha, akaufukiza ubani mara mbili. Kesho yake akaufukiza tena, na ubani mwingine wa chooni akautia kwenye chetezo cha pili kwa sababu kule pia kulikuwa na harufu, na yeye alidhani ni shimo. Nyumba nzima ikawa na moshi. Jirani alikuja, akanywa kata nzima kwa mkupuo, akafuta mdomo.

"Maji yako leo yanukia, mashallah."

Tofauti ya kunuka na kunukia ni herufi moja tu, na bibi alikuwa akiitia kila siku kwa ubani.

Nilikunywa pia. Tulipikia. Tuliosha mchele, tukakandia unga wa mahamri. Bibi alitia udhu mara tano kwa siku, akasukutua mdomo mara tatu kila udhu, akapandisha maji puani mara tatu, kama inavyotakiwa, na alipandisha vizuri kuliko mtu yeyote, maana alikuwa mtu wa tohara. Nikifika hapa huwa naacha kula, kama nilikuwa nakula.

Mguno uliporudi ulikuwa mzito zaidi, na maji yakawa yanakuja membamba kama uzi. Fundi aliitwa tena. Safari hii hakugusa mfereji. "Juzi nilianza miguuni," akasema. "Leo naanza kichwani." Akapanda jukwaa, akaondoa jiwe, akainua mfuniko.

Akaurudisha palepale.

"Mama, peleka mtoto ndani."

Bibi aliniambia niingie. Nilirudi hatua mbili, nikasimama nyuma ya mlango wa jiko, ambao ulikuwa na nyufa. Fundi alishuka, akafunga kitambaa puani, akafungua kiungo kilicho chini ya pipa. Maji yakamwagika juu ya saruji. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, na juu yake yakaogelea macho madogo ya mafuta. Zikaja nyoya nyeusi zilizonatana. Kikaja kitu kama kamba laini ya kijivu ambacho mpaka leo sijakipa jina. Ukaja mguu mmoja wenye kucha. Harufu yake haikuwa ya mzoga peke yake. Ilikuwa mzoga na ubani pamoja, harufu ya mzoga uliovishwa nguo za Idi. Nzi walifika kabla hatujavuta pumzi ya pili.

Fundi aliingiza waya kwenye tundu la pipa, akavuta polepole, na likatoka bawa zima.

"Huyu ndiye alikuwa anaguna," akasema, akiliinua kwa waya. "Ukifungua mfereji, maji yanavuta bawa mpaka kwenye tundu. Linaziba nusu, linatetemeka. Bomba linabeba ile sauti mpaka kwa kitanda yako."

Hata bibi hakukumbuka kumsahihisha.

Jirani alikuwa amesimama na kata mkononi. Alikuwa ametoka kunywa. Aliitazama kata, akalitazama bawa, akageuka akatapika kwenye mihogo, akakaa chini.

Bibi hakutapika. Alisimama wima, uso ukiwa wa rangi ya jivu, na swali lake la kwanza halikuwa la tumbo.

"Pipa hili lachukua kulateni?"

"Kula nini?" akauliza fundi. "Mama, hapa leo hakuna mtu atakula."

Kwa asiyejua, kulateni ni kadiri ya maji yaliyo mengi kiasi kwamba yakiingiwa na najisi hayaharibiki, ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Bibi alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na fundi hakujua kwamba yeye ndiye aliyesimama pale mlangoni. Lakini hata bibi aliacha kuulizia kabla ya kujibiwa. Pipa liwe limefika kulateni au halikufika, maji yalikuwa mbele yetu juu ya saruji, yamebadilika yote matatu. Kwa maji yale alikuwa ametia udhu. Udhu haukuwa udhu, kwa hiyo sala hazikuwa sala, na itabidi zisaliwe upya. Swali lililobaki lilikuwa moja: tangu lini?

"Mfuniko ulikuwa na jiwe," akasema fundi. "Ndege haondoi jiwe. Kuna mtu aliacha wazi."

Nilijua siku. Nilijua saa. Nilikuwa mtu pekee duniani anayejua ni sala ngapi bibi yangu anadaiwa na Mola wake, na nilichotakiwa kufanya ni kufungua mlango na kusema.

Bibi alikuwa akifikiri. "Ni mimi," akasema. "Siku niliyotia shabu. Niliitwa, nikaacha mpaka mchana. Siku kumi leo. Macho yangu haya na akili yangu hii."

"Ni mimi niliyekuita," akasema jirani akiwa amekaa chini. "Kwa ajili ya nazi, Mungu wangu."

Fundi alikuwa akifunga kiungo. Akasema bila kugeuka, "Na hiyo shabu ulitia kwa sababu gani, mama?"

"Maji yalikuwa na utando."

"Tayari yalikuwa na utando. Kabla ya kuacha wazi."

Mtu wa mabomba alikuwa amesikiliza tena, na alikuwa amesikia ukuta mzima. Akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye ufa wa mlango wa jiko, akaniona. Kisha akarudi kwenye spana yake. Bibi alikuwa akimtazama yeye. Alifuata macho yake mpaka mlangoni.

"Siku kumi," akasema bibi. "Tutalipa siku kumi."

Akaniita, nami nikaitika abee, nikatoka. Akaniambia nilete majivu na sabuni. Tulisugua pipa siku mbili, tukalichoma ndani kwa makuti, tukavunja mtungi nyuma ya shamba. Alinuia kununua mwingine akaghairi. Na hakufukiza tena maji maisha yake yote.

Aliuliza kwa mwalimu wa chuoni, kule madrasa, akaambiwa alipe zile alizo na yakini nazo. Basi bibi akaanza. Kila baada ya sala ya wakati wake alisimama tena akasali moja ya deni. Adhuhuri na adhuhuri nyingine, alasiri na alasiri nyingine. Magoti yake yalikuwa mabovu, na nilimsikia akijikaza kila anapoinuka. Mimi nilikaa nyuma ya mswala nikimhesabia siku kwa vidole. Nikajiambia zikifika kumi zitakwisha na mimi nitakuwa nimepona. Hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko bawa na kuliko maji. Niliona magoti yale, nikaweza kuhesabu.

Siku ya kumi ikapita. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, jirani alikuwa amekaa kwetu akichagua mchele. Yeye alikuwa amemaliza zake na alikuwa ameanza kucheka tena. Bibi alitoa salamu ya sala yake, na badala ya kukunja mswala akasimama.

Jirani alingoja mpaka amalize. "Wewe bado walipa? Si tulisema kumi?"

"Ongeza na wewe, mwenzangu. Kumi na moja nyingine."

"Kumi na moja? Za nini hizo?" Jirani akaanza kurudi nyuma kwa vidole, akichezesha midomo, akakoma. "Hizo zitatufikisha siku ya harusi ya mwanangu."

"Ndiyo."

"Na siku hiyo kulikuwa na nini?"

"Macho yangu siku hizi siyaamini," akasema bibi. "Ongeza tu."

Alisema hivyo akiwa ananipa mgongo. Nilikuwa nimeshika ungo. Nilijua kwamba anajua, na kwamba yeye anajua kuwa najua, na kwamba macho yake hayakuwa na kasoro hata kidogo. Aliyachafua mbele ya jirani ili mimi nisichafuke. Ilikuwa sekunde ya kusema, na ilikuwa pana, ungeweza kupitisha gari. Nikapepeta mchele.

Alisali siku zote kumi na moja. Tangu hapo mpaka nilipoondoka Likoni, kila jioni kabla ya magharibi aliniuliza neno moja. Hakuuliza mtu mwingine, hata mama yangu alipokuwa amekuja.

"Umefunika?"

"Nimefunika, bibi."

Na akanyamaza, akaniachia nafasi kidogo baada ya hapo, kama mtu aliyeacha mlango bila komeo. Kila jioni. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na nafasi ile sikuwa nimeitumia. Nyumba ikauzwa. Palipokuwa na pipa sasa pana jengo la ghorofa lenye matangi meusi juu, na shamba la mihogo limekuwa maegesho ya bodaboda. Nilipita mwaka jana, sikuteremka. Tangu niondoke pale sijakaa mji mmoja miaka mitatu. Watu husema nina miguu myepesi. Ukweli ni kwamba jioni zikishakuwa za kawaida mahali, nikazijua sauti za nyumba, naanza kusikia mtu akingoja nijibu.

Basi, tuje Junda.

Sikungoja fundi. Nilinunua spana, washa na utepe mweupe wa kufungia viungo, nikafunga maji kwa koki ya ukutani na kuufungua mfereji wangu kwa spana. Washa ilikuwa imepasuka, ulimi wake ukicheza ndani. Nikabadilisha. Mluzi ukaisha, mguno haukuisha. Nikaweka mkono kwenye bomba na kulifuata. Mahali lilipokuwa linarukaruka nikalitia vibano. Kugonga kukaisha, mguno haukuisha. Nilijua kwamba nimeanza miguuni. Nilikuwa najua tangu mwanzo, na nilikuwa nachelewesha.

Nikapanda juu ya paa.

Tangi halikuwa na mfuniko. Nilisimama pembeni yake nikiwa nimeshika ukingo, na nakiri kwamba kwa muda mrefu sikuinamisha shingo. Kisha nikachungulia. Kuta zake zilikuwa na ute wa kijani mzito kama ngozi. Kulikuwa na mijusi wawili wamevimba, nyoya, kinyesi cha kunguru kimechirizika mpaka ndani, na karatasi ya plastiki ya mkate imefyonzwa kwenye tundu la kutokea, ikitetemeka. Wakati ule mtu wa chini alifungua mfereji wake, na plastiki ikaguna chini ya mkono wangu. Nilitapikia upande wa barabara. Nyumba ile ina vyumba kumi na viwili, na wengi wana watoto.

Nilimwita mwenye nyumba akapanda, akatazama, akakuna kidevu. "Hiyo ni mijusi tu. Wanayanywa kila siku, umesikia nani amekufa?"

Sisi pia hatukufa. Bibi aliishi miaka mingine sita. Nilimwambia ashike ndoo, na labda kwa jinsi nilivyomtazama, akaishika. Tulimwaga, tukasugua mpaka alasiri, yeye akilalamika kwamba mimi ni mpangaji wa kwanza mwenye wazimu wa namna hii. Kwa kuwa hakuwa na mfuniko, nilipata bati chini, nikalikata, nikaliweka juu ya tangi na kuligandamiza kwa jiwe.

"Umefunika?" akauliza mwenye nyumba kutoka kwenye ngazi, kwa sababu alitaka kwenda zake.

Nilibaki nimeweka mikono juu ya jiwe. Nafasi ile ndogo ilikuja, vilevile, kama ilivyokuwa ikija kabla ya magharibi.

"Nimefunika," nikasema. "Ile siku ya harusi ndiyo sikufunika. Ni mimi."

"Harusi ya nani?" akauliza, akashuka.

Jioni nilifungua mfereji. Maji yakatoka kimya, meupe, hayana harufu yoyote. Nilijaza kikombe, nikakishika mpaka kikapata joto la mkono. Sikuyanywa.